Sheria za Vita na Msalaba Mwekundu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefundisha huduma ya kwanza kwa vijana wa kujitolea kwa miaka mingi, na kila somo likifika kwenye historia, mikono huinuka na maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa, nikianza na ya msingi na kumalizia na yale yanayozua ubishi. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, nimetaja namba ya swali.

### Mambo ya msingi

1. Sheria ya kimataifa ya kibinadamu ni kitu gani?

Ni sheria inayotumika vita vikishaanza. Inawalinda wasiopigana na walioacha kupigana: raia, majeruhi, wagonjwa, mateka, wahudumu wa afya. Inaweka pia mipaka ya silaha na namna ya kupigana. Wengi huiita kwa kifupi sheria za vita. Sehemu yake inayofahamika zaidi ni Mikataba minne ya Geneva ya tarehe 12 Agosti 1949, ambayo nchi zote duniani zimejiunga nayo. Tanganyika ilijiunga mwaka 1962, Kenya mwaka 1966.

Ni tofauti na sheria za haki za binadamu, ambazo zinakuhusu hata ukiwa umeketi kwako siku ya amani.

2. Kupanga namna ya kupigana si ndiyo kuhalalisha vita?

Hapana. Nani ana haki ya kuanzisha vita ni swali lenye sheria yake, hasa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, unaokataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine isipokuwa kwa kujilinda au kwa idhini ya Baraza la Usalama. Sheria ya kibinadamu haiulizi nani alianza. Askari aliyevunjika mguu anastahili kufungwa kidonda hata kama jeshi lake ndilo lililovamia, na mtoto wa upande wa mchokozi anabaki kuwa mtoto.

Jambo hili huwakera wanafunzi wangu kuliko yote, na ninawaelewa. Lakini fikiria: hakuna jeshi linaloingia vitani likijiona halina haki. Tukisema mwenye haki asibanwe na sheria, kila mmoja atajitoa, na majeruhi hatabaki na wa kumtetea.

3. Yote haya yalianzia wapi?

Kaskazini mwa Italia, katika vilima vya Solferino, tarehe 24 Juni 1859. Upande mmoja walikuwa Wafaransa na washirika wao wa Sardinia, upande wa pili Waaustria. Kwa jumla walikuwa askari wapatao 300,000. Walipigana kuanzia alfajiri, na jioni ilipofika watu karibu 40,000 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo. Madaktari wa majeshi walikuwa wachache mno kwa idadi ile. Wengi waliachwa pale pale walipoangukia, juani, bila maji.

Waliobahatika walibebwa kwa mikokoteni hadi mji mdogo wa jirani, Castiglione delle Stiviere. Makanisa yalijaa, nyumba zikajaa, kisha wakalazwa barabarani juu ya majani makavu. Hapo ndipo alipokuwapo Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva mwenye umri wa miaka 31, aliyevaa suti nyeupe ya msafiri. Alikuwa anapita tu (tazama swali la 5). Alibaki kwa siku kadhaa, akifanya kazi zaidi katika kanisa kuu la mji, Chiesa Maggiore.

Ninachopenda kuwaonyesha wanafunzi ni yale mambo madogo aliyoyafanya. Wavulana walitumwa visimani na ndoo na chupa. Mwendeshaji wa gari lake la farasi alipelekwa mji wa Brescia, akarudi na mashati, vitambaa vya bandeji, ndimu, machungwa, sukari na tumbaku. Tumbaku ilisaidia kufukuza harufu ya vidonda vilivyooza, na ndimu na sukari zikawa kinywaji cha watu waliokauka koo. Dunant hakuwa daktari na hakujifanya daktari. Alinywesha maji, aliosha vidonda, aliandika barua ambazo wanaokufa walimtamkia kwa ajili ya mama zao.

Wanawake wa Castiglione ndio waliobeba mzigo mkubwa zaidi, na majina yao mengi hayakuandikwa popote. Mwanzoni watu wa mji waliogopa kuwagusa Waaustria, maana walikuwa adui. Walipoona Dunant habagui, nao wakaacha kubagua, wakawa wanaambiana *tutti fratelli*, yaani wote ni ndugu. Sheria nzima unayoisikia leo imetoka kwenye tendo hilo.

4. Kabla ya hapo watu walipigana bila kanuni yoyote?

La hasha. Waislamu wa pwani wanaosoma ukurasa huu wanazijua nasaha za Khalifa Abu Bakr kwa majeshi yaliyokwenda Sham (eneo la Syria) katika karne ya 7: msiue wanawake, watoto wala wazee, msikate miti yenye matunda. Jamii nyingi, za Afrika zikiwemo, zilikuwa na miiko yao kuhusu nani haguswi vitani.

Na mwaka uleule ambao kamati ya Geneva, iliyozaa Msalaba Mwekundu, ilianza (tazama swali la 6), Marekani ilikuwa katika vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 24 Aprili 1863 Rais Lincoln alitoa kwa majeshi yake kanuni zenye vifungu 157, zilizoandikwa na Francis Lieber, profesa mzaliwa wa Ujerumani. Lieber alikuwa na watoto wa kiume pande zote mbili za vita ile. Mmoja aliuawa akipigania Kusini, mwingine alipoteza mkono akipigania Kaskazini. Simfahamu mwandishi mwingine wa sheria aliyeandika akiwa na jeraha la namna hiyo nyumbani kwake.

Upande wa uuguzi, vita vya Krimea vilikuwa vimetangulia. Mwaka 1854 Florence Nightingale alikwenda Scutari na wauguzi 38, na upande wa Warusi daktari Nikolai Pirogov alifanya kazi na wauguzi wanawake huko Sevastopol. Kilichokuwa kipya mwaka 1864, Mkataba wa kwanza wa Geneva ulipotiwa saini, ni mkataba wa kudumu, ulio wazi kwa kila nchi, uliokubaliwa kabla risasi hazijaanza kulia.

### Dunant, kamati na alama

5. Dunant alikuwa anafanya nini Solferino?

Alikuwa na kampuni ya vinu vya kusaga nafaka nchini Algeria, koloni la Wafaransa. Kibali cha maji na ardhi kilikuwa kinakwama maofisini, akaamua kumfuata Mfalme Napoleon III mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa vitani Italia. Maana yake ardhi ya Afrika iliyotwaliwa imo ndani ya hadithi hii tangu ukurasa wa kwanza, na haifai kuifichaficha. Tunairudia katika swali la 11.

Mwaka 1862 aliandika alichokiona katika kitabu alichokichapisha kwa fedha zake, nakala 1,600, akawatumia watawala na majenerali wa Ulaya. Kilikuwa na maombi mawili: kila nchi iwe na chama cha watu wa kujitolea walioandaliwa wakati wa amani, na mataifa yakubaliane kwa mkataba kuwalinda majeruhi na wanaowahudumia.

Biashara yake ilianguka. Mwaka 1867 alifilisika, akatoka katika kamati aliyoianzisha na kuondoka Geneva, asirudi tena. Aliishi miaka mingi katika umaskini, hadi akapata hifadhi katika kijiji cha Heiden, mashariki mwa Uswisi. Mwaka 1895 mwandishi wa habari mmoja alimkuta huko na kuukumbusha ulimwengu kwamba mtu huyu bado yu hai. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya kwanza kabisa, akigawana na Mfaransa Frédéric Passy. Alifariki tarehe 30 Oktoba 1910. Siku aliyozaliwa, tarehe 8 Mei, ndiyo tunayoadhimisha kila mwaka kama siku ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu.

6. Mkataba wa kwanza ulisema nini?

Kwanza kulikuwa na kamati ya watu watano wa Geneva, iliyokutana mara ya kwanza tarehe 17 Februari 1863: Dunant, mwanasheria Gustave Moynier, Jenerali Guillaume-Henri Dufour, na madaktari Louis Appia na Théodore Maunoir. Moynier ndiye aliyekuwa mtendaji, akaongoza kamati hiyo kwa miongo mingi. Dunant alikuwa na moto, Moynier alikuwa na kalamu na kalenda, na wawili hao hawakupatana kamwe.

Tarehe 22 Agosti 1864 nchi 12 zilitia saini mkataba wenye vifungu 10 tu. Ukiusoma leo utashangaa jinsi ulivyo mfupi. Hospitali za jeshi na magari ya wagonjwa hayaguswi. Wahudumu hawakamatwi wala hawashambuliwi. Mwenyeji anayemsaidia majeruhi aachwe salama. Majeruhi atibiwe, awe wa taifa lolote. Na pawe na alama moja ya kuwatambulisha. Hakuna neno kuhusu mabomu, njaa au raia waliozingirwa. Ulikuwa mkataba wa machela, na ninausifu kwa hilo, kwa sababu uliahidi kitu ambacho jenerali yeyote angeweza kukitekeleza kesho yake asubuhi.

7. Msalaba Mwekundu ni alama ya Kikristo?

Alama ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi, na mkataba wa mwaka 1906 uliandika wazi kuwa ni kwa heshima ya nchi hiyo. Hata hivyo, anayeuona msalaba hasomi mkataba kwanza. Mwaka 1876 Dola ya Uturuki ya Kiosmani ilitangaza kwamba itatumia hilali nyekundu badala ya msalaba. Alama hiyo ilikubaliwa rasmi mwaka 1929. Mwaka 2005 ikaongezwa ya tatu, kristali nyekundu, umbo la mraba uliosimama kwa ncha, lisilo na uhusiano wa dini wala taifa. Zote tatu zina ulinzi sawa kisheria.

8. Kwa nini mnakataza maduka ya dawa kuchora msalaba mwekundu?

Kwa sababu ile alama maana yake ni “usipige risasi hapa”, wala si “hapa tunauza dawa”. Niliwahi kumwomba mwenye duka moja abadilishe bango lake. Akaniuliza kwa upole, “Sasa mwalimu, wateja watajuaje kwamba hapa kuna dawa?” Tulisimama juani tukaongea, mwishowe akaweka msalaba mweupe kwenye rangi ya kijani, ambao ndio alama ya huduma ya kwanza, na wateja hawakupotea.

Alama ikizoeleka kwenye milango ya biashara, siku ya ghasia haitakuwa na uzito. Sheria za nchi nyingi zinakataza matumizi hayo. Lakini wanaochora wengi hawana nia mbaya, na mazungumzo hufanya kazi zaidi kuliko vitisho.

### Kutoka majeruhi hadi raia

9. Mkataba mmoja ulikuaje hadi kuwa minne?

Kila vita kubwa ilifichua waliosahauliwa. Mwaka 1899, The Hague, ulinzi ukafikishwa kwa majeruhi wa baharini. Vita ya kwanza ya dunia ikaacha mamilioni ya mateka, na mwaka 1929 mateka wakapata mkataba wao kamili. Raia walikuwa bado nje. Palikuwa na rasimu ya mkataba wa kuwalinda, iliyojadiliwa Tokyo mwaka 1934, lakini vita ya pili ya dunia ilifika kabla haijatiwa saini. Gharama yake inajulikana.

Mikataba ya 1949 ikapangwa hivi: wa kwanza majeruhi wa nchi kavu, wa pili wa baharini, wa tatu mateka, wa nne raia. Mwaka 1977 zikaongezwa Itifaki mbili, ambazo tunazigusa katika swali la 13.

10. Mateka walifuatiliwaje kabla ya kompyuta?

Kwa kadi. Agosti 1914 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyotokana na wale watano wa Geneva, ilifungua ofisi ya habari za mateka mjini Geneva, na muda mfupi baadaye ikahamia jumba la makumbusho la Rath. Nchi zilizokuwa vitani zilituma orodha za walioshikwa. Kila jina likanakiliwa kwenye kadi yake. Mama aliyeandika barua kumuulizia mwanawe naye alifunguliwa kadi. Zote ziliingia droo moja kwa mpangilio wa alfabeti, na siku kadi mbili zilipokutana, jibu lilitumwa nyumbani. Mpaka mwisho zilifika kadi milioni 7 hivi, zilizohusu mateka wapatao milioni 2. Waliozijaza wengi walikuwa wanawake wa kujitolea.

Tatizo kubwa lilikuwa majina yanayofanana na yaliyoandikwa vibaya. Yeyote aliyewahi kumtafuta Juma bin Ali katika orodha ndefu anajua mateso hayo.

### Afrika na sheria hizi

11. Kwa nini sheria hizi hazikuwalinda wapiganaji wa Majimaji?

Kwa sababu waliozitunga walijifunga wao kwa wao. Majimaji ilipoanza katika vilima vya Wamatumbi mwezi Julai 1905, Ujerumani ilikuwa tayari imejiunga na Mkataba wa Geneva na kanuni za The Hague za 1899. Lakini mikataba ile iliwahusu walioitia saini, na watu wa kusini mwa Tanganyika walihesabiwa raia waasi wa koloni. Jeshi la Gavana von Götzen lilichoma mashamba na maghala. Wanahistoria wanakadiria vifo kuanzia 75,000 hadi 300,000, vingi vikiwa vya njaa. Mjini Songea, tarehe 27 Februari 1906, viongozi wa Wangoni walinyongwa hadharani.

Nasema haya darasani bila kupunguza. Kijana wa Songea akiniuliza kwa nini ajitolee chini ya alama iliyotoka Ulaya ya wakati ule, ana haki ya kuuliza. Ninamjibu kwamba kosa lilikuwa kuwaacha watu nje ya ulinzi, na kifungu cha 3 cha Mikataba ya 1949, kinachohusu vita vya ndani ya nchi, kiliwekwa ili asiwepo tena mtu wa kuambiwa “wewe sheria haikuhusu”.

Hata nchi huru ya Kiafrika iliyojiunga haikusalimika. Ethiopia ilijiunga na Mkataba wa Geneva mwaka 1935 na kuunda chama chake cha Msalaba Mwekundu mwaka huohuo. Italia ilipoivamia, ilitumia gesi ya sumu iliyopigwa marufuku mwaka 1925, na tarehe 30 Desemba 1935 ndege zake zilishambulia hospitali ya Msalaba Mwekundu wa Sweden huko Melka Dida.

12. Je, kuna uhusiano na Kariakoo?

Upo, na unauma. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimebeba jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika vita ya kwanza ya dunia. Pande zote mbili, Waingereza na Wajerumani, ziliwatumia wapagazi, wengi wao kwa kulazimishwa. Walikufa kwa kuhara, malaria na njaa zaidi ya risasi. Kwa upande wa Waingereza pekee, makadirio yanayotajwa sana ni vifo karibu 95,000.

Hakuna mkataba uliowataja. Wengi hawana kaburi lenye jina. Ukinunua vitunguu Kariakoo, umesimama mahali palipoitwa kwa ajili yao.

13. Wapiganaji wasio na serikali nao wanabanwa?

Ndiyo. Kifungu cha 3 kinazibana pande zote, waasi pamoja na serikali. Itifaki ya Kwanza ya 1977 ilikwenda mbali zaidi: vita dhidi ya ukoloni, ukaliaji wa kigeni na tawala za kibaguzi vikahesabiwa kuwa vya kimataifa. Nchi zilizokuwa zimetoka kupata uhuru zilisukuma sana jambo hilo. Novemba 1980 Oliver Tambo, kwa niaba ya ANC ya Afrika Kusini, alitia saini mjini Geneva tamko la kuheshimu Mikataba hiyo, wakati vijana wake wengi walikuwa wanaishi na kusoma Morogoro.

### Maswali magumu

14. Msalaba Mwekundu ni mmoja au mingi?

Kuna sehemu tatu. Kamati ya Kimataifa, iliyotokana na wale watano, inashughulika na vita. Shirikisho, lililoanzishwa mwaka 1919, linaunganisha vyama vya nchi na kusaidia katika majanga kama mafuriko. Kisha vyama vya nchi vyenyewe: cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria mwaka 1962, cha Kenya mwaka 1965.

15. Kwa nini Kamati inakaa kimya inapoona uovu?

Inaamini kwamba ikipiga kelele itafungiwa milango ya magereza, na aliye ndani atakosa hata yule mgeni mmoja. Mara nyingi nakubaliana nayo. Lakini kimya kina kumbukumbu nzito. Tarehe 14 Oktoba 1942 wajumbe wa Kamati walikutana Geneva kujadili tamko la hadharani kuhusu mateso ya raia Ulaya, wakati Wayahudi walikuwa wanaangamizwa, wakaamua kutolitoa. Kamati yenyewe imekiri baadaye kwamba ilishindwa. Baada ya vita ya Biafra nchini Nigeria, kundi la Wafaransa, madaktari na waandishi wa habari, lilianzisha Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) mwaka 1971, likisema daktari ana wajibu pia wa kusimulia aliyoyaona.

16. Anayevunja sheria hizi huadhibiwa kweli?

Wachache, na kwa kuchelewa, lakini wapo. Mahakama ya Arusha ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu tarehe 2 Septemba 1998 na kuamua kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga wa Kongo mwaka 2012 kwa kuwaingiza watoto jeshini, Bosco Ntaganda mwaka 2019, na Dominic Ongwen wa Uganda mwaka 2021. Ongwen mwenyewe alitekwa akiwa mtoto akielekea shule, na kesi yake bado inanisumbua kila ninapoieleza.

17. Nimepotezana na ndugu yangu kwa sababu ya vita. Nianzie wapi?

Nenda ofisi ya Msalaba Mwekundu iliyo karibu, au uulize kambini kama uko kambini. Huduma ni bure. Utaulizwa jina lake kamili na majina ya utani, majina ya baba na mama, kijiji alichozaliwa, mahali na wakati mlipoachana, na alikuwa na nani. Taja jina la utani hata kama unaona haya. Mara nyingi ndilo linalokumbukwa.

Ukijua yuko wapi ila huna namna ya kumfikia, unaweza kumwandikia ujumbe kupitia huduma hiyo. Ni karatasi iliyo wazi, na habari ziwe za familia tu: nani mzima, nani amezaa, nani amefariki, tupo wapi. Usiandike lolote kuhusu siasa au askari, kwa sababu karatasi hiyo itapita mikononi mwa wengi kabla haijamfikia. Kama hujui kuandika, anayekuhudumia atakuandikia unavyomtamkia. Kabla hujaondoka, mwombe akusomee tena ulichosema, na uhakikishe majina yameandikwa sawasawa.